Pikipiki ya umeme ikikosea mlimani, ni nini kitakuokoa?

Maswali mengi yanayotufikia kipindini siku hizi kuhusu pikipiki za umeme ni ya fedha. Inauzwa shilingi ngapi? Chaji moja inakufikisha wapi? Betri inadumu miaka mingapi? Ni maswali ya haki, kwa sababu kijana anayechukua bodaboda kwa mkopo hapa Kibondo au Kasulu anaweka rehani jasho la mwaka mzima au zaidi.

Lipo swali jingine ambalo hatulisikii sana, nasi tunaona ndilo lingetangulia. Chombo hiki kikiharibika kikiwa njiani, kitaharibika kwa namna gani? Kitasimama taratibu? Kitakata nguvu ghafla mlimani ukiwa umebeba mama na mtoto? Au kitachomoka mbele wakati wewe unataka kisimame?

Duniani kuna taaluma nzima ya uhandisi inayoshughulika na swali hilo tu. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita usalama wa kiutendaji. Haina kazi ya kuhakikisha kwamba chombo hakiharibiki, maana hakuna chombo kisichoharibika. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba siku kikiharibika, hakiui mtu. Katika makala haya tunaeleza taaluma hiyo inafanyaje kazi, na kwa nini inamhusu mtu wa Makere, Kifura au Mabamba.

Kwa nini tuzungumze sasa

Mwaka 2022 umeme wa gridi ya Taifa ulianza kufika katika wilaya zetu. Kabla ya hapo miji yetu ilitegemea majenereta ya dizeli. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, limeongeza umeme nchini. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikiwekewa lami, na lami maana yake ni mwendo mkubwa zaidi kuliko ule tuliouzoea kwenye vumbi.

Majirani nao wamekwishaanza. Kigali, ambako pikipiki za umeme za kubadilishiwa betri zimekuwepo tangu mwaka 2019, iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazosajiliwa ziwe za umeme. Ethiopia ilizuia mwaka 2024 kuingiza magari binafsi yanayotumia mafuta. Hapa nchini treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka huo huo wa 2024, na reli hiyo inajengwa kuja hadi Kigoma. Kwa hiyo vyombo hivi vitafika kwetu, tuwe tumejiandaa au hatujajiandaa.

Na tuseme mapema: hatuandiki haya ili kuwatisha watu. Petroli nayo inaua. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta liliungua Msamvu, Morogoro, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Kila siku tunapita mbele ya petroli inayouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, na jirani anapika mita tatu kutoka hapo. Hatari ya mafuta tumeizoea, tunaijua tabia yake. Hatari ya umeme na kompyuta ni ngeni kwetu, na ugeni huo ndio unaotufanya tuandike.

Somo tulilonalo tayari: upepo wa Fuso

Usalama wa kiutendaji si jambo la Ulaya peke yake. Muulize dereva yeyote wa lori linalopakia maharage au mihogo huku kwetu. Atakwambia kwamba upepo wa breki ukiisha, lori halitoki pale lilipo. Breki zinakamata zenyewe.

Wengi wanaona huo ni usumbufu, kumbe ni akili ya mtu aliyelibuni. Ndani ya breki za nyuma za lori kuna springi yenye nguvu ambayo muda wote inataka kukamata gurudumu. Upepo kazi yake ni kuizuia springi hiyo. Bomba likipasuka, upepo unatoka, springi inashinda, lori linasimama. Mbunifu alijua kwamba bomba litapasuka siku moja. Hakuliombea lisipasuke. Alipanga kupasuka kwake kulete kusimama, kusilete kuporomoka.

Hilo ndilo wazo lote. Wahandisi wanaita hali hiyo "hali salama", yaani pale ambapo chombo kinapaswa kukimbilia kikishaona kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kwa magari, mambo haya yameandikwa katika kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 26262. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 2011 kikiwa cha magari madogo. Toleo la mwaka 2018 likapanuliwa kuingiza malori na mabasi, na likaongezwa sehemu nzima inayohusu pikipiki. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mambo hayo ni ya magari ya kifahari tu, mwambie pikipiki nayo imo.

Maswali matatu ya mhandisi

Kiwango hicho kinamtaka mhandisi, kabla hajachora waya hata mmoja, aandike kila kosa linaloweza kutokea, kisha ajiulize maswali matatu. Kosa hili likitokea, mtu ataumia kiasi gani? Hali ambayo kosa hili lina hatari hutokea mara nyingi au mara chache? Na je, dereva wa kawaida anaweza kuidhibiti?

Majibu yakishapatikana, kila kosa linapewa daraja, kuanzia A hadi D. Taa ya nyuma kuzimika kuna hatari, lakini si sawa na usukani wa umeme kujikunja wenyewe kwenye mwendo mkali. Huo wa pili uko daraja D, la juu kabisa. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo mtengenezaji anavyotakiwa kupima zaidi, kuweka kinga zaidi na kutunza ushahidi zaidi.

Tazama swali la pili kwa makini, lile la hali kutokea mara nyingi au mara chache. Jibu lake linategemea uko wapi. Mhandisi aliyekulia kwenye mji wa tambarare anaweza kuandika kwamba kupanda mlima mkali ukiwa na mzigo mzito hutokea mara chache. Kwa kijana wa Kasulu anayebeba mikungu ya ndizi, hiyo ni kazi ya kila asubuhi. Kwenye karatasi kosa litaonekana dogo, na huku kwetu likawa kubwa.

Mkono wa kuongezea mwendo

Tuchukue mfano mmoja. Kwenye pikipiki ya mafuta, ukivuta mafuta unavuta waya wa chuma. Waya ukikatika, injini inarudi kwenye mlio mdogo. Ukikwama, unazima kwa ufunguo au unashika klachi.

Kwenye pikipiki ya umeme hakuna waya huo, na nyingi hazina klachi. Mkononi kuna kifaa kidogo cha kupimia, mafundi wanakiita sensa, ambacho kinatuma umeme kidogo kwenye kompyuta ya mota. Ukikunja kidogo kinatuma volti moja hivi, ukikunja hadi mwisho kinatuma karibu volti nne. Kompyuta inasoma na kuipa mota nguvu.

Sasa fikiria waya wa sensa umechubuka, maji ya mvua yameingia, na umeme wa volti tano umegusana nao. Kompyuta isiyo na akili itasoma: dereva amekunja hadi mwisho. Pikipiki itachomoka. Kompyuta iliyobuniwa vizuri itasema: volti tano haiwezi kutoka kwenye mkono mzima, kwa hiyo hapa kuna hitilafu, nakata nguvu. Vivyo hivyo ikisoma sifuri, itajua kwamba waya umekatika. Hii ndiyo sababu kipimo hakianzii sifuri wala hakiishii tano. Nafasi hizo mbili zimeachwa makusudi ili kosa lijulikane.

Kinga ya pili iko kwenye breki. Ukishika breki, mota inapaswa kukatiwa nguvu hata kama mkono wako umekunja. Kinga ya tatu iko kwenye stendi ya pembeni: ikiwa chini, pikipiki haipaswi kwenda. Ya nne ni kwamba ukiwasha wakati mkono umeshakunjwa, isiondoke hadi uuachie kwanza. Kinga hizo zina gharama ndogo kiwandani, na pikipiki ya bei rahisi inaweza kukosa mojawapo bila mnunuzi kujua.

Mlima wetu na akili ya betri

Kuna mambo mawili ya mlimani ambayo tungependa kila dereva ayajue.

La kwanza ni la kupanda. Mota ikipata joto kali au betri ikiishiwa, kompyuta inajilinda. Kwenye tambarare kukata nguvu ndiyo hali salama. Kwenye mlima wenye utelezi, ukiwa na abiria, kukata nguvu ghafla si salama hata kidogo, kwa sababu pikipiki itarudi nyuma. Chombo kizuri kinatoa onyo mapema na kupunguza nguvu polepole ili upate nafasi ya kukaa pembeni. Chombo kibaya kinazima kama taa.

La pili ni la kushuka, na hili wengi hawalijui. Pikipiki nyingi za umeme, ukiachia mwendo kwenye mteremko, mota inageuka kuwa jenereta. Inarudisha umeme kwenye betri na wakati huohuo inakuzuia, kama injini inavyokamata ukiwa kwenye gia ndogo. Lakini betri iliyojaa haiwezi kupokea zaidi. Ukichaji usiku kucha nyumbani kwako juu ya kilima, kisha asubuhi ukaanza safari kwa kushuka, kompyuta inaweza kuondoa kizuizi hicho ili kuilinda betri. Utajikuta chombo kinaserereka kuliko ulivyokizoea jana jioni. Hakijaharibika, kinafuata kanuni zake. Dawa ni kutokutegemea mota kukuzuia, na kutunza breki za kawaida kama vile hakuna kitu kingine.

Betri ndani ya nyumba

Betri za lithiamu zina nguvu nyingi ndani ya kasha dogo. Seli moja ikipata joto kupita kiasi inaweza kuwaka na kuwasha ya jirani, nayo ya jirani, hadi kasha zima. Moto huo unaweza kuonekana umezimika kisha ukawaka tena. Katika jiji la New York mwaka 2023 pekee watu 18 walikufa kwa moto wa betri hizi, nyingi zikiwa za baiskeli na pikipiki ndogo za umeme zilizokuwa zinachajiwa ndani ya majengo. Mwaka huohuo jiji hilo lilianza kudai kwamba vyombo hivyo na betri zake viwe vimepimwa kwa viwango vinavyotambulika kabla ya kuuzwa.

Ndani ya betri nzuri kuna kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni kulinda. Inapima volti ya seli, inapima joto, na ikiona hatari inakata umeme usiingie wala kutoka. Fundi akiiruka kompyuta hiyo ili betri "ipate nguvu zaidi", ameng'oa breki ya betri. Pikipiki itakwenda, na pengine itakwenda vizuri sana, hadi siku moja.

Umoja wa Mataifa una kanuni, namba 136, inayohusu usalama wa umeme katika pikipiki na bajaji za umeme. Betri inatikiswa, ile ya kuchomoa inaangushwa, inaunganishwa nyaya zake zigusane, inachajiwa kupita kiasi. Hayo yote yanatokea kwenye barabara zetu kwa mpigo mmoja. Tofauti ni kwamba betri iliyopimwa imeyapitia kabla haijafika chini ya kitanda chako.

Baiskeli iliyosukumwa usiku

Sasa tutoke kwenye pikipiki twende kwenye magari yanayojiendesha. Msikilizaji anaweza kusema hayo hayatafika Kibondo leo. Ni kweli, lakini kisa kimoja cha Marekani kina mafunzo kwetu.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waligundua kwamba mitambo ya gari ilimwona zaidi ya sekunde tano kabla. Haikujua ni nini. Ilimhesabu mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila ilipobadilisha mawazo ilianza upya kukisia anaelekea wapi. Haikuwa imefundishwa kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Breki za dharura ambazo gari lilitoka nazo kiwandani zilikuwa zimezimwa lilipokuwa likiongozwa na kompyuta. Na mtu aliyewekwa ndani ili kulisimamia alikuwa akitazama simu.

Hapo hakuna waya uliokatika wala kifaa kilichoungua. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyopangwa, na mtu akafa kwa sababu mpango wenyewe haukumjua. Kwa visa vya namna hii ISO 26262 peke yake haitoshi, na kiwango kingine, ISO 21448, kikatolewa mwaka 2022 kwa ajili ya makosa ya aina hiyo.

Sasa tazama barabara zetu. Nani hapa kwetu anavuka kwenye kivuko? Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, inayosukumwa na mtu aliyefichwa na mzigo wake, kompyuta iliyofundishwa California itaiita nini? Teknolojia hii ikija, swali la kwanza la kuuliza ni kama iliwahi kutuona.

Kifaa kimoja kisiaminiwe peke yake

Afrika Mashariki imeshalipa gharama ya somo jingine. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu 157 walikufa, wakiwemo Wakenya 32. Karibu miezi mitano nyuma nyingine ya aina hiyo ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Katika ndege zote mbili, programu iliyosukuma pua ya ndege chini ilitegemea taarifa ya sensa moja, ingawa ndege ilikuwa na sensa mbili za aina hiyo. Sensa ilipodanganya, hapakuwa na ya kuipinga.

Wazee wetu hawahukumu kesi kwa shahidi mmoja. Wahandisi nao wanajua kanuni hiyo. Inapovunjwa, mara nyingi ni kwa haraka ya soko na kubana gharama.

Taa ya dashibodi ni ungamo

Kabla hatujafika kwenye magari ya kesho, tuangalie yale tuliyonayo. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yana mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki. Mfumo huo ukiona umeharibika, unajitoa pembeni, unakuachia breki za kawaida na kuwasha taa ya njano. Huo ni usalama wa kiutendaji mbele ya macho yako. Gari limeungama kwamba linaumwa.

Tunafanya nini? Tunabandika utepe juu ya taa, au fundi anaichomoa balbu ili gari liuzike. Hapo tunalinyamazisha gari. Mhandisi wa Japani hawezi kutukinga na hilo.

Nani apime, na wewe uulize nini

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye kazi ya kusimamia ubora wa bidhaa zinazoingia. LATRA inatoa leseni za vyombo vya abiria, na polisi wa usalama barabarani wanakagua. Sisi tunaona kwamba ukaguzi wa chombo cha umeme hauwezi kuishia kwenye taa, honi na matairi. Kompyuta na betri navyo vinataka jicho lenye ujuzi, na ujuzi huo ufike wilayani, usibaki Dar es Salaam.

Lakini mkaguzi wa kwanza ni wewe mwenye fedha. Ukienda dukani, fanya hivi pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa na gurudumu la nyuma likiwa hewani:

- Kunja mwendo kidogo, kisha shika breki bila kuachia. Mota ikate nguvu.
- Shusha stendi ya pembeni, jaribu kuongeza mwendo. Gurudumu lisizunguke.
- Zima, kunja mwendo, kisha washa. Gurudumu lisiondoke.
- Tafuta alama ya IP kwenye betri na mota. IP67 ina maana kwamba vumbi haliingii na kinaweza kuhimili kuzama mita moja kwa nusu saa. Namba zikiwa ndogo, kinga ni ndogo.
- Omba karatasi ya vipimo vya betri. Uliza betri ikileta hitilafu utampelekea nani, na yuko wapi.

Nyumbani, chaji kwa chaja iliyokuja na chombo, mahali penye hewa, mbali na kitanda na mbali na mlango mnaopitia. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya au inayotoa harufu usiichaji tena. Ikiwaka, toa watu kwanza, kisha piga 114 kuita Zimamoto.

Bei ya pikipiki utaielewana na muuzaji. Siku itakapokosea, utakuwa mlimani na abiria wako, na muuzaji hatakuwepo. Kitakachokuwepo ni kile mhandisi alichokifikiria mapema, au alichoshindwa kukifikiria. Kiulizie sasa, ungali na fedha mfukoni.